Misimbo ya mikoa, wilaya na kata: mwongozo kamili wa kusoma na kupanga takwimu za maeneo

Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Wilaya ya Kinondoni, mkoani Dar es Salaam, Tanzania, ina watu 1,775,049. Sensa ya 2022 ikaikuta ina watu 982,328. Mtu akiziweka namba hizi mbili kwenye jedwali moja bila kuuliza kitu, atatangaza kwamba Kinondoni imepoteza watu 792,721 ndani ya miaka kumi, kisha ataanza kutafuta sababu: kodi za nyumba, bomoabomoa, mafuriko. Hakuna kuhama kwa namna hiyo kulikotokea. Kilichobadilika ni mpaka. Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni ikawa wilaya inayojitegemea, na jina la Kinondoni likabaki kwenye eneo dogo zaidi.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayegusa takwimu za maeneo: mwanafunzi anayeandika utafiti wake pale Mlimani, mwandishi wa habari mwenye habari ya kumaliza jioni, afisa wa shirika anayekusanya fomu kutoka kata za Temeke, kijana aliyejifunza kuchora ramani kwa kompyuta na anatafuta kazi. Kosa la mpaka au la msimbo, yaani namba au herufi za kulitambulisha eneo, halipigi kelele. Jedwali hukubali kila kitu, ramani hutoka na rangi nzuri, na uamuzi wa wapi kijengwe kituo cha afya hufanywa juu ya namba isiyo sahihi. Ndiyo maana naona jambo hili linastahili subira yako.

Kwanza, msimbo unatatua tatizo gani?

Majina ya maeneo hayatoshi kwa kazi ya takwimu. Mkoa wetu mmoja huandikwa Dar es Salaam, Dar-es-Salaam, DSM au Dar. Mkoa wa Kaskazini Unguja huandikwa pia Unguja Kaskazini. Kwa macho yako ni kitu kimoja, lakini kompyuta huona maeneo tofauti. Tatizo la pili ni majina yanayojirudia. Kigamboni ni wilaya, na ndani yake kuna kata inayoitwa Kigamboni. Ilala nayo ni vivyo hivyo. Ukisema "Morogoro" hujasema kama ni mkoa, manispaa au halmashauri ya wilaya.

Kwa hiyo ofisi za takwimu duniani huliwekea kila eneo namba au herufi zake. Msimbo mzuri hufanya mambo mawili: hulitaja eneo moja tu bila utata, na huonyesha eneo hilo limo ndani ya lipi.

Hatua ya 1: Andika ngazi zote kabla ya kugusa namba

Chukua karatasi na uandike ngazi kuanzia juu kwenda chini. Kwa Tanzania Bara ni mkoa, wilaya, tarafa, kata, kisha mtaa kwa mjini au kijiji kwa vijijini, na vitongoji ndani ya kijiji. Zanzibar ni mkoa, wilaya na shehia. Chini kabisa, kwa ajili ya sensa, kuna eneo la kuhesabia watu, yaani kipande ambacho karani mmoja anaweza kukimaliza. Kipande hicho hakina ofisi wala mwenyekiti, lakini ndicho tofali la takwimu zote zilizo juu yake.

Kisha tazama misimbo inavyopangwa. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, huupa kila mkoa tarakimu mbili. Dodoma ni 01, Arusha 02, Kilimanjaro 03, Tanga 04, Morogoro 05, Pwani 06 na Dar es Salaam 07. Zanzibar huanzia 51, yaani Kaskazini Unguja, hadi 55, Kusini Pemba. Wilaya hupewa namba ndani ya mkoa wake, na hapa ndipo wengi huteleza: namba za wilaya hurudiwa katika kila mkoa. Wilaya namba 1 ipo Dodoma, ipo Arusha, ipo Dar es Salaam. Namba ya wilaya peke yake haina maana mpaka uiunganishe na ya mkoa.

Unapounganisha, lazima kila sehemu iwe na idadi ileile ya tarakimu. Ukiandika 112 bila utaratibu, msomaji hawezi kujua kama ni mkoa wa 11 wilaya ya 2, au mkoa wa 1 wilaya ya 12. Ukiandika 1102 au 0112 utata unaisha.

Hatua ya 2: Jua nchi imetumia njia gani kukata maeneo

Ziko njia mbili kubwa. Njia ya kwanza ni kufuata utawala: ofisi ya takwimu inachukua mikoa na wilaya kama serikali ilivyozitangaza, inazipa misimbo, basi. Ndivyo tunavyofanya sisi na ndivyo nchi nyingi zinavyofanya. Kenya inazo kaunti 47 zinazofuata orodha ya Katiba ya 2010, kuanzia 001 Mombasa hadi 047 Nairobi. Faida yake ni kwamba takwimu zinamwelekea kiongozi mwenye mamlaka na bajeti ya eneo hilo. Hasara yake ni kwamba vipande havilingani kabisa. Hapa Dar es Salaam tu, mwaka 2022 Ilala ilikuwa na watu 1,649,912 na Kigamboni 317,902, na zote zinaitwa wilaya.

Njia ya pili ni kuweka kipimo cha idadi ya watu. Umoja wa Ulaya ulianza kuitumia miaka ya 1970 kupitia ofisi yake ya takwimu, Eurostat, na mwaka 2003 ukaiwekea sheria. Mfumo huo unaitwa NUTS na una ngazi tatu. Kwa wastani, maeneo ya ngazi ya kwanza katika kila nchi yanatakiwa kuwa na watu kati ya milioni 3 na milioni 7, ya pili kati ya 800,000 na milioni 3, na ya tatu kati ya 150,000 na 800,000. Nchi hutumia maeneo yake ya utawala pale yanapoangukia ndani ya vipimo hivyo. Yasipoangukia, huunganisha kadhaa pamoja kwa ajili ya takwimu tu, bila kuunda ofisi wala cheo kipya.

Misimbo yake inasomeka kwa urahisi. DE ni Ujerumani, DE2 ni jimbo la Bavaria, DE21 ni eneo la Oberbayern ndani yake, na DE212 ni jiji la München. Kila herufi au tarakimu inayoongezwa inakushusha ngazi moja. Luxembourg, kwa kuwa ni ndogo, ni eneo lilelile katika ngazi zote: LU0, LU00, LU000. Ugiriki hutumia EL badala ya GR iliyozoeleka kwenye orodha nyingine, kwa hiyo ukiunganisha majedwali mawili na Ugiriki ikapotea, anza kutafuta hapo.

Jaribu kuvipeleka vipimo hivyo kwetu uone jinsi jina la ngazi linavyoweza kupotosha. Mkoa wa Dar es Salaam wenye watu 5,383,728 ungekaa ngazi ya kwanza. Ilala, Temeke, Ubungo na Kinondoni zingekaa ngazi ya pili. Kigamboni ingeshuka hadi ya tatu.

Na usidhani mistari hii ni ya wataalamu tu. Umoja wa Ulaya hugawa fedha za maendeleo kwa kuangalia ngazi ya pili, na eneo ambalo pato lake kwa kila mtu liko chini ya asilimia 75 ya wastani wa Umoja huhesabiwa kuwa nyuma kimaendeleo na kupata msaada mkubwa zaidi. Hungary ilikuwa imeweka jiji la Budapest na kaunti ya Pest inayolizunguka kwenye eneo moja. Utajiri wa Budapest ukaipandisha Pest kwenye karatasi. Tangu 2018 zimetenganishwa, Budapest ikawa HU11 na Pest HU12. Mtu wa Dar es Salaam anaelewa jambo hili mara moja akifikiria wastani mmoja uliochanganya Masaki na Kisarawe.

Hatua ya 3: Uliza orodha ni ya nani

Shirika la kimataifa la viwango lina orodha yake, ISO 3166-2, inayotumika sana kwenye programu za ramani na tovuti za biashara. Orodha hiyo ilipanga mikoa yetu kwa alfabeti: TZ-01 ni Arusha, TZ-02 ni Dar es Salaam, TZ-03 ni Dodoma. Mikoa iliyokuja baadaye ikaongezwa mwishoni, hadi TZ-31 Songwe.

Sasa linganisha na orodha ya NBS. Huko 02 ni Arusha, na kwenye ISO ni Dar es Salaam. Huko 07 ni Dar es Salaam, na kwenye ISO ni Kaskazini Unguja. Huko 12 ni Mbeya, na kwenye ISO ni Lindi. Ukichukua takwimu za sensa ukaziunganisha na faili la ramani lenye namba za ISO, hakuna onyo litakalotokea. Mikoa 26 ya ramani itapata thamani, ila ya mkoa mwingine, na mitano ya mwisho, TZ-27 hadi TZ-31, itabaki tupu. Kenya ina mtego huohuo: Nairobi ni 047 nyumbani na KE-30 kwenye ISO.

Dawa yake ni kutengeneza jedwali dogo la mistari 31, lenye jina la mkoa, msimbo wa NBS na msimbo wa ISO, ukalihifadhi na kulitumia kila mara kama daraja. Kazi ya nusu saa, na itakufaa miaka.

Postikodi usizichanganye na misimbo ya takwimu. Zile za Dar es Salaam zinazoanza na 1 zilitengenezwa kwa ajili ya anwani na kupeleka barua na mizigo. Zinafaa kumtafuta mtu alipo. Hazilingani na namba za sensa.

Hatua ya 4: Linda sifuri ya mbele

Mikoa tisa ya kwanza katika orodha ya NBS inaanza na sifuri, Dar es Salaam ikiwemo. Excel ikifungua faili yenyewe, huiona 07 kama namba na kuigeuza 7. Hapo uunganishaji hukwama, au mbaya zaidi, unafaulu nusunusu.

Unapoingiza faili, usilibofye mara mbili. Fungua Excel tupu, ingiza data kupitia menyu yake, na uiambie kwamba safu ya misimbo ni maandishi, si namba. Kama sifuri zimeshapotea, zirudishe kwa fomula =TEXT(A2,"00") kwa msimbo wa tarakimu mbili, kisha nakili matokeo na kuyabandika kama thamani. Ukiwa na msimbo wa mkoa kwenye safu A na wa wilaya kwenye safu B, tumia =TEXT(A2,"00")&TEXT(B2,"00").

Wamarekani wana shida hiyohiyo. California ni 06, na kaunti ya Los Angeles ni 06037. Ukiona data ya Marekani yenye kaunti za tarakimu nne, ujue sifuri imedondoka njiani.

Hatua ya 5: Tenganisha wilaya na halmashauri

Wilaya ni eneo la mkuu wa wilaya. Halmashauri ni mamlaka ya serikali za mitaa, na wilaya moja inaweza kuwa na zaidi ya moja: ya mji na ya vijijini. Takwimu za elimu, afya na bajeti mara nyingi hutolewa kwa halmashauri. Takwimu nyingine hutolewa kwa wilaya. Kabla ya kuunganisha majedwali mawili, hesabu mistari yake. Ikitofautiana, chanzo kikubwa ni hiki.

Kwa Dar es Salaam kuna jambo la kuangalia kwa makini. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji iliyokuwa juu ya manispaa zote ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji la Dar es Salaam. Kwa hiyo kwenye nyaraka za baada ya hapo, "Jiji la Dar es Salaam" ni eneo la Ilala, wala si mkoa mzima wenye wilaya tano. Kwenye nyaraka za kabla ya hapo maana ilikuwa pana zaidi. Ukisoma "Jiji" kwenye jedwali, tazama mwaka kwanza, kisha tazama idadi ya watu: ikiwa karibu milioni 1.65, unasoma Ilala.

Hatua ya 6: Linganisha miaka kwa mipaka ileile

Hii ndiyo hatua iliyo nzito, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Nchi hutofautiana katika kushughulikia mpaka unapobadilika. Uingereza hutumia misimbo ya alama tisa, herufi moja na tarakimu nane, isiyobeba maana ya jina, na mpaka ukihama, eneo hupata msimbo mpya. Gateshead ilikuwa E08000020. Mpaka wake na Northumberland ulipoguswa, ikawa E08000037. Jina lilibaki, watu karibu wote walibaki, lakini msimbo ulimwambia kila mtumiaji: simama, hapa pamebadilika.

Sisi hatufanyi hivyo. Mbeya ilikuwa 12 kabla ya Songwe kuzaliwa mwaka 2016, na imebaki 12. Arusha ilikuwa 02 kabla ya Manyara kutengwa mwaka 2002, na imebaki 02. Mtoto hupata namba mpya, mzazi hubaki na ya zamani. Natamani siku moja tuwe na utaratibu wa kuonyesha toleo la mpaka ndani ya msimbo wenyewe. Mpaka hapo, mzigo huo ni wa mtumiaji: msimbo wa Tanzania usiuandike kamwe bila mwaka wa mipaka.

Kuna njia ya mkato ya kutambua hatari. Misimbo 01 hadi 20 ni ya mikoa ya zamani ya Bara. Ishirini na moja ni Manyara. Ishirini na mbili hadi ishirini na tano ni Njombe, Katavi, Simiyu na Geita, ya mwaka 2012. Ishirini na sita ni Songwe. Ukikutana na msimbo unaozidi 20 na ulio chini ya 51, uliza mkoa huo ulimegwa wapi, kwa sababu mzazi wake naye haaminiki kwa kulinganisha miaka.

Namna ya kurekebisha ni hizi, kuanzia iliyo bora.

Unganisha kwenda juu. Warudishe watoto kwa mzazi. Ubungo ilitoka Kinondoni, na Kigamboni ilitoka Temeke, basi kwa mwaka 2022 jumlisha hivi:

Kinondoni na Ubungo: 982,328 + 1,086,912 = 2,069,240. Mwaka 2012 ilikuwa 1,775,049. Ongezeko ni asilimia 16.6.

Temeke na Kigamboni: 1,346,674 + 317,902 = 1,664,576. Mwaka 2012 ilikuwa 1,368,881. Ongezeko ni asilimia 21.6.

Ilala: 1,649,912, kutoka 1,220,611. Ongezeko ni asilimia 35.2.

Sasa picha imegeuka. Kinondoni ya zamani haikupungua bali imeongezeka, na kasi kubwa iko upande wa Ilala. Mbeya nayo ni hivyohivyo: 2,707,410 mwaka 2012, kisha 2,343,754 mwaka 2022. Ukiirudishia Songwe yenye 1,344,687 unapata 3,688,441.

Shuka chini ujenge upya. Geita haikumegwa kutoka mkoa mmoja. Ilichukua sehemu kutoka Mwanza, Shinyanga na Kagera. Simiyu ilitoka Shinyanga, lakini eneo la Busega lilitoka Mwanza. Huwezi kurudisha watoto kwa mzazi mmoja, kwa hiyo shuka hadi ngazi ya wilaya au kata za sensa ya zamani, uweke kila kata kwenye mkoa wa sasa, kisha ujumlishe. Angalia tu kwamba kata nazo hugawanywa.

Gawa kwa uwiano. Hapa unachukua namba ya eneo la zamani na kuigawa kwa kufuata idadi ya watu wa vipande vipya. Matokeo ni makadirio, na yaandikwe hivyo waziwazi kwenye jedwali. Usigawe kwa ukubwa wa ardhi: Kigamboni ina eneo kubwa na watu wachache kuliko majirani zake, na njia hiyo itaijaza watu wasiokuwepo.

Jambo moja la ziada kuhusu asilimia. Usitafute wastani wa wastani. Ukichukua 16.6, 21.6 na 35.2 ukagawa kwa tatu, unapata 24.5. Ongezeko halisi la mkoa, kutoka 4,364,541 hadi 5,383,728, ni asilimia 23.4. Rudi daima kwenye idadi za watu, jumlisha, ndipo upige asilimia.

Hatua ya 7: Kagua kabla ya kuchora ramani

Jumlisha safu nzima. Wilaya tano za Dar es Salaam lazima zitoe 5,383,728, na mikoa yote 31 lazima itoe 61,741,120. Tofauti hata ya mtu mmoja inamaanisha kuna mstari uliopotea au kuingia mara mbili. Tafuta misimbo iliyojirudia. Tafuta iliyopo kwenye takwimu lakini haipo kwenye ramani, na kinyume chake.

Kisha tumia ujuzi wako wa nchi. Chora ramani ya msongamano wa watu: kama Dar es Salaam na Mjini Magharibi hazijawa na rangi nzito kuliko zote, misimbo imevurugika mahali.

Hatua ya 8: Weka maelezo ndani ya faili lenyewe

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na takwimu ni mali. Kwenye karatasi ya kwanza ya faili andika: chanzo cha takwimu, mwaka wa takwimu, mwaka wa mipaka, orodha ya misimbo uliyotumia, ngazi, na maeneo uliyounganisha au kukadiria. Mwaka wa takwimu na mwaka wa mipaka viwe kwenye mistari miwili tofauti, maana NBS na mashirika mengine huweza kutoa takwimu za zamani zilizopangwa upya kwa mipaka ya leo.

Safu ya misimbo iipe jina linalojieleza, kwa mfano wilaya_nbs_2022, badala ya "kodi" au "namba". Atakayelifungua faili hilo baada yako, hata kama yuko Dodoma na hamjawahi kuonana, ataweza kuendelea na kazi bila kukupigia simu.